Kete Nyeusi za Mwalimu Allaoui

Mashahidi wote wanakubaliana juu ya haya: kwamba alasiri moja ya mwaka 1977, katika nyumba iliyoko Moroni, Nyeupe ilishinda mchezo wa sataranji, na kwamba Zaharia, aliyeshika Nyeusi, hakuwahi kufundishwa mchezo huo.

Lilianza jambo dogo. Baba yake Zaharia, Mwalimu Allaoui, alizikwa kwao Mutsamudu, katika kisiwa kingine. Baada ya arobaini, chumba cha binti kilinukia udi ambao hakuna aliyeuchoma. Kisha Zaharia akaacha kula. Jirani yake, Roukia, anaapa kwamba sauti ya Zaharia iligeuka ya kiume, ingawa mwenye njaa naye hukauka koo.

Fundi Djoumoi, mganga aliyeitwa kutoka Patsy, karibu na Mutsamudu, alisema jini la marehemu limehamia kwa binti. Ngoma za kulitoa zilikuwa marufuku wakati huo, hivyo akaliuliza linataka nini. Likataka sataranji. Mouhidine, mume wa Zaharia, akishinda, litamwachia mkewe. Akishindwa, litakaa na Zaharia mpaka kaburini.

"Ukishinda, inuka utoke," fundi alimnong'oneza. "Kete nyeusi usiziguse."

Likacheza Joka, ulinzi mkali ambao marehemu hakuwahi kuuacha. Mouhidine akatoa ngome ili amle farasi mweusi.

"Serikali imekufukuza kazi," kinywa cha Zaharia kikasema, "nawe bado wagawa ngome, mkwe?"

Udi ukazidi, na vidole vya Zaharia vikawa vinagonga meza kama vya baba yake, na Roukia akawa anasoma Ayatul Kursiy bila kutoa sauti, mpaka malkia mweupe akamfunga mfalme mweusi pembeni, asiwe na pa kwenda.

Zaharia akaomba uji. Mouhidine akalia kwa furaha. Kisha mikono yake, kwa mazoea ya Ijumaa zote alizocheza na mkwewe, ikageuza ubao ili mshindi apokee Nyeusi mchezo ujao, ikazishika kete.

"Umefanya nini?" fundi akauliza.

Tangu hapo Mouhidine, mzaliwa wa Moroni, husema kwa lafudhi ya Mutsamudu, hali chakula, na hugonga meza akisubiri. Zaharia ameketi upande wa Nyeupe, akimuuliza Roukia farasi huendaje. Ikiwa aliujua mchezo tangu mwanzo, hapakuwa na jini. Ikiwa haujui, ni nani atakayelishinda jini limtoke mumewe? Wewe uliyesikia, hukumu.