Nyusi za Kicheko

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, na mimi nayajua kwa sababu nilikuwa nafua taulo na kupokea wateja pale saluni kwake. Anayetaka kubisha na abishe.

Kazi ya dada ilikuwa kufuta nyusi. Wapo wanawake wanaochorwa nyusi za tatuu, leo wanazipenda, kesho wanajuta: moja imepanda, nyingine imeshuka, au wino umegeuka rangi ya mhuri. Dada alikuwa anapita juu ya ule mchoro kwa sindano isiyo na wino, kisha anaweka pamba iliyolowa maji ya chumvi. Chumvi inavuta wino juu, taratibu. Kinafanyika kigaga, na kigaga hakibanduliwi, kinaachwa kidondoke chenyewe. Mteja anarudi tena na tena, miezi inapita, mpaka ngozi inakuwa yake tena.

Sasa dada alikuwa na mazoea yake. Akiwa kazini alikuwa anaubembeleza wino kama mtoto aliyejificha chini ya kitanda. "Njoo juu, mama. Njoo, usione haya." Wateja walikuwa wanacheka, na ukicheka maumivu yanapungua. Mimi nilikuwa namtania kwamba kwa mapenzi yale ataishia kuzaa na wino.

Basi asubuhi moja akaja Mama Pacha. Mtaa mzima ulimjua kwa mabinti zake wawili, Kicheko na Kimya, sura moja, tabia mbili. Kicheko ndiye aliyejifunza kuchora nyusi, na uso wa kwanza kujifunzia ulikuwa wa mama yake. Mkono ulimtetemeka. Nyusi ya kushoto ikapanda juu, mama akabaki kama mtu anayepewa umbea mpya kila saa. Walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu Kicheko akashikwa na homa ya ghafla, na mvua zilipoanza alikuwa ameshazikwa.

"Kimya hanitazami," Mama Pacha alisema, kichwa chini. "Akiziona hizi nyusi anamwona mwenzake. Analia, anaondoka. Amehamia kwa rafiki yake. Zifute, mwanangu. Mmoja nimemzika. Huyu wa pili nimpoteze huku namwona?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dada alijipangusa machozi kwa mkono wa koti la kazi, akanawa, akavaa glavu.

Alipofika katikati, mazoea yakamtoka mdomoni. "Njoo juu, mama. Njoo."

Mama Pacha akafumbua macho. "Usimwite," alinong'ona.

Dada alidhani ni maumivu yanayosema. Akazidi kubembeleza. "Njoo, usione haya."

Wino ukaja.

Haukuja taratibu. Ulikuja wote. Pamba ya kwanza ikawa nyeusi. Ya pili nyeusi. Ukachuruzika hadi sikioni. Kigaga hakikufanyika. Dada alipopangusa, ngozi ilikuwa safi, kana kwamba haijawahi kuguswa. Jua lilikuwa linawaka dirishani na feni imezimwa, lakini mwili wangu ulikuwa umesisimka kwa baridi.

Mama Pacha alijitazama kwenye kioo muda mrefu. Hakufurahi. Alilia kilio cha siku ile ya mazishi, na mimi nikalia naye, maana niliona wazi kwamba amemzika mtoto mara ya pili.

Kimya alirudi nyumbani wiki hiyohiyo. Tukasikia wanakula sahani moja na kulala kitanda kimoja. Tukasema afadhali, yameisha.

Hayakuisha. Siku chache baadaye, mchana, Mama Pacha alimleta kwetu akiwa amejifunga kitambaa mpaka karibu na macho. Dada akakifungua. Kimya hakuwahi kuguswa na sindano ya tatuu maishani mwake. Lakini nyusi zilikuwepo. Wino chini ya ngozi, mbichi. Ya kushoto imepanda.

"Nimeamka nazo," Kimya alinong'ona. "Zitoe, dada."

Dada akamlaza. Safari hii hakufungua mdomo. Akachoma. Akaweka chumvi. Akasubiri. Pamba ikatoka nyeupe. Akarudia. Nyeupe.

Kimya alikuwa amefumba macho. Midomo yake ikatabasamu, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mbona leo huniiti?"

Bakuli la maji ya chumvi likamponyoka dada. Tabasamu likafutika, Kimya akafumbua macho, akamtafuta mama yake. "Mama, nitazame. Ni mimi." Mama Pacha alikuwa ameshageukia ukuta. Alikuwa ameitoa sadaka kumbukumbu ya mwanawe aliyekufa ili huyu aliyebaki aweze kumtazama, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyeshindwa. Sijawahi kuona huzuni ya namna ile, na naomba nisiione tena.

Dada aliiacha kazi ile. Siku hizi anasuka nywele, tena anasuka bila kusema neno.

Juzi niliwakuta Mama Pacha na binti yake dukani, wananunua sabuni, wameshikana mikono. Mama alikuwa anamtazama mwanawe usoni, kwa mapenzi kabisa. Moyo wangu ukatulia. Nikaanza kuwafuata niwasalimie, ndipo nikamsikia mama anamwita binti.

"Kicheko."

"Abee," binti akaitika kwa kucheka.

Halafu mdomo uleule ukasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyefungiwa chumba cha ndani, "Mama, na mimi nipo."

Mama Pacha alisikia. Nilimwona amesikia. Akamshika binti kidevu, akasubiri mpaka ile sauti ya kucheka iliporudi, ndipo wakaondoka.