Udongo wa Nyuma ya Karakana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapchap aliosha vyombo, akafagia uwanja mpaka vumbi likatimka, kisha akambeba mdogo wake wakati mama akijiandaa kwenda kibaruani. Jina hilo alipewa na majirani kwa wepesi wake wa kazi. Mdogo wake waliyemwita Bonge sasa alikuwa mbavu tupu. Alikuwa ameanza kusimama dede, lakini siku hizi alikaa tu, akilia tumbo.

Hospitalini walikuta madini ya risasi kwenye damu yake. Alilazwa wiki tatu, akatibiwa, akapata nafuu. Mwezi mmoja baada ya kurudi nyumbani, alirudishwa akiwa hoi kuliko mwanzo.

"Mama, nyumbani kuna anayepasua betri za gari? Ndani yake mna risasi," daktari aliuliza.

"Hakuna, daktari. Karakana ya betri iko mtaa wa pili, na wataalamu wameshauchimba na kuuondoa udongo wake wote."

"Basi kuna kitu hatujakiona. Risasi huharibu ubongo wa mtoto. Nikimtibu halafu arudi kwenye sumu ileile, ni kazi bure. Na mara ya tatu, sijui kama mwili wake utahimili."

Mama hakulia. Aliushika mguu wa Bonge kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya.

Kando ya kitanda, Chapchap alikumbuka udongo wa mlangoni. Kabla ya mvua kuanza, mama alikuwa amemtuma akalete ndoo ishirini za udongo wa mtoni, wafukie shimo mbele ya mlango. Mtoni ni mbali. Nyuma ya karakana kulikuwa na udongo laini, tena karibu. Aliuchota huo, akamaliza mapema, akasifiwa. Hapo mlangoni ndipo Bonge alipojifunza kutambaa, vidole mdomoni. Karakana ilipochimbwa na watu wakasema ni sumu, Chapchap aliogopa, akanyamaza.

"Mama..."

"Niache kwanza, mwanangu."

"Mama, ni mimi. Ule udongo wa mlangoni niliutoa karakana."

"Si ulirudi na miguu imejaa matope ya mto?"

"Niliipaka matope ya bombani."

Mkono wa mama uliinuka, ukabaki hewani. Kisha ukamvuta binti yake kifuani, na hapo ndipo mama alipolia.

Kesho yake mtaalamu wa mazingira alifika na kipimo chake. Pale mlangoni namba zilipanda mpaka akaguna. Vibarua waliovaa barakoa walilowesha udongo ili vumbi lisiruke, wakauchimba, wakaujaza kwenye magunia na kuyapeleka kwenye shimo maalumu. Wakaleta udongo safi na kupanda nyasi juu yake.

"Ndani, pigeni deki kila siku," mtaalamu alisema. "Na wewe binti, usifagie pakavu tena. Nyunyiza maji kwanza."

Bonge alibaki wodini mpaka kazi ilipoisha. Miezi miwili baadaye risasi kwenye damu yake ilikuwa imeshuka sana, ingawa daktari alitaka kumwona kila mwezi. Siku aliposimama tena, akiwa ameshika kanga ya mama, Chapchap alishindwa kumtazama.

"Nitazame," mama alimwambia. "Kuuchota ule udongo, hukujua. Kuficha, ulijua. Ukiharibu kitu, njoo uniambie siku hiyohiyo. Nitafoka, ndiyo. Lakini kufoka kwangu kunapita, mwanangu."