Vipande vya Mpira Kwenye Msumari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cheche alimfunga mama yake vifungo vya blauzi. Vilikuwa vidogo na vyenye utelezi, na kila kimoja kilimtia hasira. Mama alisimama mbele yake kama mtoto anayevishwa, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Taratibu, mwanangu," mama alisema. "Blauzi haijakukosea."

"Aliyekosa namjua," Cheche alijibu, akakivuta kifungo nusura kikatike.

Jina lake halisi lilijulikana shuleni tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Cheche, kwa sababu hasira zake ziliwaka upesi. Siku hizi hazikuwa zikizimika kabisa.

Mama yake alikuwa mkandaji wa unga katika kiwanda cha mikate. Mwezi uliopita, Cheche alipokuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma akimsubiri amalize kazi, kama alivyozoea kila alipotoka shule, alisikia ukelele. Mashine ya kukandia ilikuwa imeunasa mkono wa mama na kuuponda. Vidole viwili vilikatwa hospitali. Vilivyobaki vilikakamaa. Daktari alisema kwamba upasuaji mwingine ungeweza kuvifanya vikunje tena, lakini usichelewe. Gharama yake mama asingeiweza hata angekuwa kazini. Tegemeo lilikuwa moja tu: fidia kutoka kwa mwenye kiwanda.

Asubuhi moja hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa msimamizi wa kiwanda, bwana mrefu mwenye tabia ya kutafuna njiti ya kiberiti. Mkononi alikuwa na mikate miwili.

"Pole sana, dada," alisema bila kukaa. "Bosi anakusalimu. Amesema hiyo ni ajali ya uzembe wako mwenyewe, kwa hiyo mambo ya fidia usiyafikirie. Ila amekukumbuka kwa mkate."

Cheche aliubonyeza mkate mmoja kwa kidole. "Wa juzi huu."

"Cheche!" mama alimkemea. Kisha akamgeukia mgeni, uso umekaza. "Mwambie salamu zimefika. Mwambie pia kesho kutwa tutaonana ofisi ya kazi."

Msimamizi aliitoa njiti mdomoni, akacheka, akaondoka.

Jioni alikuja mjomba, kaka yake mama. Aliuza viatu vya mtumba sokoni, lakini mtaa mzima ulimwita Kifungu, kwa sababu hata akigombania bei ya soksi angekutajia kifungu cha sheria.

"Nyie msiwe na wasiwasi," alisema, akijitandaza kwenye kiti. "Sheria naijua kama mfuko wa shati langu. Dada, utasema kifuniko cha mashine kilikuwa kimevunjika tangu zamani. Mashine mbovu, kosa la mwenye mashine. Kwisha kazi!"

Mama aliinamisha kichwa. "Lakini kifuniko kilikuwa kizima, kaka."

"Sasa utasema nini? Useme ule mpira uliufunga wewe? Ukitamka hilo tu, fidia umeitupa jalalani. Kifungu kiko wazi!"

"Kifungu cha ngapi, mjomba?" Cheche aliuliza.

"Wewe mtoto, vifungo vya blauzi vinakutosha."

Mama hakucheka. Habari ya ule mpira ndiyo iliyomnyima usingizi. Mashine zile zilitengenezwa kwa akili: pembeni kulikuwa na kidude cha chuma ambacho kifuniko hukibonyeza kikifungwa, na hapo mashine huzunguka. Ukiinua kifuniko, kidude nacho huinuka na mashine husimama yenyewe, usiumie. Lakini kiwandani walikifunga kile kidude kwa kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, kisiinuke kamwe. Hivyo mashine ilizunguka wazi kutwa nzima, na wakandaji waliingiza mikono kukwangua unga ulioganda pembeni bila kusimamisha kazi. Kila mmoja alijifungia mpira wake asubuhi, kama anavyojifungia aproni.

"Mimi nitasema nilikiona kimevunjika," Cheche alisema. "Nilikuwepo mlangoni. Wataniamini."

"Utadanganya?" mama aliuliza.

"Wao wanatuletea mkate wa juzi! Watu kama hao wadanganywe tu."

Mama aliuegemeza mkono wenye bendeji pajani. Alikuwa amechoka, na mkono ulikuwa ukimuuma. Hakusema ndiyo, lakini hakukataza.

Siku ya siku ilipofika, walikaa kwenye benchi gumu katika ofisi ya kazi. Afisa alikuwa mama mnene mwenye miwani, na feni iliyokuwa nyuma yake ilipiga kelele kuliko ilivyopuliza. Upande wa pili alikaa mwenye kiwanda, shati limenyooshwa kama karatasi, na msimamizi wake pembeni.

Mama alieleza jinsi mkono ulivyonaswa. Alipofika kwenye kifuniko, sauti ilimpungua. "Kilikuwa... kimevunjika. Tangu zamani."

"Na mimi nilikiona!" Cheche alidakia.

Mwenye kiwanda hakukasirika hata kidogo. Alimnong'oneza msimamizi, ambaye alitoka nje kwenda kwenye gari. Aliporudi alikuwa amebeba kifuniko cha wavu wa chuma, kizima, hakina hata ufa. Akakiweka mezani kwa kishindo.

"Ndicho hiki?" mwenye kiwanda aliuliza. "Kina namba ya mashine yake, tazama mwenyewe, afisa. Nilijua tu. Hawa wanataka kula bila jasho."

Msimamizi aliangua kicheko. Mjomba Kifungu, ambaye asubuhi alikuwa na vifungu vya kumwaga, sasa alikuwa akichunguza kamba za viatu vyake. Afisa alivua miwani.

"Mama, umekuja hapa kunidanganya?"

Mama aliinama. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono mzima wa kuyafutia ila wa kushoto, uliokuwa umeshika bendeji. Afisa alilivuta jalada ili alifunge.

Cheche aliwatazama mwenye kiwanda na msimamizi. Aliwachukia wale wawili na shati lao na kicheko chao. Lakini safari hii hasira ilimgeukia na yeye mwenyewe, kwa maana alitambua kwamba uongo wake ndio uliowapa kicheko hicho. Akasimama.

"Shikamoo, mama afisa. Tumedanganya. Mimi nimedanganya. Kifuniko kilikuwa kizima, ila hakikuwa kikifungwa! Kile kidude cha kuzima mashine kimefungwa mpira. Mashine zote zimefungwa mpira!"

"Nani aliufunga?" mwenye kiwanda alimkatiza. "Sema. Nani aliufunga kwenye mashine ya mama yako?"

Cheche aligeuka. Alimtazama mama yake.

"Niliufunga mimi," mama alisema. Aliuinua mkono wenye bendeji. "Kwa mkono huu huu. Kila asubuhi, kama wenzangu wote."

"Mmesikia!" Mwenye kiwanda alipiga meza. "Amekiri kwa mdomo wake!"

"Nimesikia, masikio yangu ni mazima," afisa alisema. "Mama, kwa nini mliufunga?"

"Tuliambiwa. Mashine ikisimama, msimamizi anauliza kama tumekuja kazini au kupumzika. Mwenzetu mmoja aliwahi kuufungua. Hakuna aliyemwona tena pale kiwandani."

"Uongo mtupu," msimamizi alisema, mkono ukienda mfukoni.

"Simu hiyo iweke mezani," afisa alimwambia. "Tunakwenda kiwandani sasa hivi, sote pamoja."

Kiwandani mashine zilikuwa zikinguruma. Wakandaji walipomwona bosi wao na mgeni mwenye miwani, waliinamia unga wao. Afisa alipita mashine moja hadi nyingine. Zote zilikuwa wazi, na kwenye kila kidude kulikuwa na mpira mweusi umekazwa kwa fundo.

"Hii ni tabia yao," mwenye kiwanda alisema haraka. "Mimi nimewakataza mara ngapi!"

Afisa alimpita. Alikuwa ametazama ukutani, mahali zilipotundikwa aproni. Kwenye msumari wa mwisho kulikuwa na fungu la vipande vya mpira, vimekatwa urefu mmoja, vimepangwa vizuri, tayari kugawiwa. Hakuna aliyekumbuka kuvificha. Vilining'inia pale miaka mingi, wakaacha kuona kwamba ni kosa.

"Nani anavikata hivi?"

Wakandaji walizidi kuinama. Cheche alitamani kupiga kelele. Ndipo mkandaji mmoja, mama mzee mwenye unga mpaka kwenye nyusi, aliponyoosha mkono na kuizima mashine yake.

"Anavikata msimamizi," alisema. "Anatugawia kila Jumatatu. Na bosi akipita huvivuta kuangalia kama vimekaza. Mimi nimechoka kunyamaza. Nikimwona huyu mwenzangu na mkono wake, najiuliza zamu yangu lini."

Mwingine akazima mashine. Halafu mwingine. Msimamizi hakuwa na njiti mdomoni tena.

Mashine zile hazikuwashwa mpaka kila mpira ulipotolewa na kila kidude kukaguliwa. Mwenye kiwanda alibisha kwa wiki kadhaa, akatishia, akaleta jamaa wenye tai. Lakini fundo la mpira alilokuwa akilivuta mwenyewe lilimshinda. Alilipa fidia, na mama akapelekwa kufanyiwa upasuaji.

Kabla ya hapo, siku walipoitwa kuchukua barua ya uamuzi, afisa aliwakalisha tena kwenye lile benchi. Mjomba Kifungu alijaribu kujificha nyuma ya mlango.

"Ingia, wakili," afisa alisema. "Wewe ndiye wa kwanza ninayetaka kusema naye. Dada yako alikuwa na haki tangu siku ya kwanza. Kufunga mpira kwa kuamrishwa hakukumwondolea haki. Uongo wako ndio uliotaka kumwondolea. Siku ile nilikuwa nimebakiza kufunga jalada tu."

"Ni kweli, mheshimiwa," mjomba alisema kwa sauti ndogo. Kwa mara ya kwanza hakutaja kifungu chochote.

Afisa akamgeukia Cheche. "Na wewe, mwanangu. Bado una hasira?"

"Ndiyo," Cheche alisema. "Vidole vya mama havirudi."

"Havirudi. Hata mimi nimekasirika, na sikuambii uache. Mtu akionewa ana haki ya kukasirika. Lakini uliituma hasira yako ikaseme uongo, na adui yako akafurahi. Ulipoituma ikaseme kweli, hata kweli iliyokuwa ikikuaibisha, alikosa pa kushika. Ukidai haki yako, sema yote yaliyotokea, na lile kosa lako pia."

Asubuhi moja, wiki chache baada ya upasuaji, Cheche alisimama mbele ya mama yake, tayari kwa vile vifungo. Mama alimsogeza kando. Kwa vidole vitatu vilivyokuwa bado vimevimba alikishika kifungo cha juu. Kikamponyoka. Akakishika tena, akasonya, akakisukuma mpaka kikaingia.

"Hicho changu," mama alisema, jasho likimtoka. "Haya, malizia vilivyobaki. Taratibu."

Cheche akavifunga taratibu.