Nani Aliichezea Kompyuta ya Mlangoni?

Kila Jumamosi Dominika alikata majani ya ng'ombe, akafagia uwanja, akanywa uji, kisha akashuka kutoka Uru kwenda mjini Moshi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta iliyokutana katika chumba kimoja nyuma ya maktaba. Mwaka huo wa 2006 wanafunzi wengi wa rika lake walikuwa hawajawahi kushika kipanya. Kwa hiyo hakukubali mvua wala utelezi wa mteremko umcheleweshe.

Klabu ilikuwa na kompyuta mbili tu, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Ya dirishani aliitumia Rishi, mtoto wa Bwana Suresh mwenye duka la vifaa vya umeme. Ya mlangoni aliitumia Dominika. Wote wawili walikuwa hodari wa mchezo wa mbio za magari, na mwezi uliofuata wangekwenda Arusha kushindana na klabu nyingine. Waamuzi walitaka kila mbio irekodiwe kutoka mwanzo hadi mwisho, ili wahakikishe kwamba hakuna aliyedanganya. Rekodi yenye kukwamakwama ingekataliwa.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Rishi alileta programu ya kurekodi kutoka dukani kwa baba yake. Alama yake ilikuwa ya kijani. Dominika alileta nyingine, yenye alama ya buluu, aliyopewa na kaka yake aliyefanya kazi Himo. Kila mmoja aliapa kwamba yake haiipunguzii kompyuta kasi. Mwalimu Magdalena, msimamizi wa klabu, aliwaambia, "Maneno hayapimwi kwa sauti. Jumamosi tutazijaribu zote mbili."

Jumamosi hiyo Dominika alifika mapema. Aliukuta mlango u wazi, na Rishi yumo peke yake, ameinama nyuma ya kompyuta ya mlangoni.

"Unatafuta nini hapo?" Dominika aliuliza kwa ukali.

Rishi alishtuka. "Sitafuti kitu. Napangusa vumbi. Kompyuta yako imejaa vumbi kama lori la mahindi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeona aibu tu kuitazama."

Moyoni Dominika alijisemea: tangu lini mtu akaacha kompyuta yake, akasafisha ya mpinzani wake?

Punde si punde wenzao waliingia, na nyuma yao Mwalimu Magdalena. Mwalimu huyo alikuwa amefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu, na hata sasa mtoto aliyevuruga sentensi mbele yake aliirudia mpaka inyooke.

"Shikamoo, Mwalimu," walimsalimu kwa pamoja.

"Marahaba. Khamisi, wewe ndiye utakayesoma namba."

Namba hiyo ilionekana pembeni mwa kioo. Ilionyesha ni picha ngapi kompyuta inachora kila sekunde. Picha zikiwa nyingi, gari huteleza vizuri barabarani. Zikiwa chache, gari hurukaruka kama chura.

Kwanza walicheza bila kurekodi. Kompyuta zote mbili zilionyesha arobaini. Kisha Rishi aliiwasha programu ya kijani, akarekodi.

"Thelathini na nne!" alitangaza Khamisi.

Dominika aliiwasha ya buluu. Gari lake lilitoka vizuri, likakwama, likaruka, likagonga ukingo wa daraja.

"Kumi na saba," alisema Khamisi, kisha akaangua kicheko. "Dominika, hilo ni gari au ni punda anayekataa kwenda?"

Darasa zima lilicheka. Dominika alisimama, akamnyooshea Rishi kidole. "Ameiharibu! Nimemkuta humu peke yake, ameinama nyuma ya kompyuta yangu. Na hakutumwa na mtu!"

Kicheko kilikatika. Watoto waligeuka, wakamtazama Rishi kana kwamba hawajawahi kumwona.

"Rishi, ni kweli uliigusa?" aliuliza Mwalimu.

"Niligusa, Mwalimu, lakini kwa kitambaa tu."

"Badilishaneni programu."

Programu ya kijani ilipojaribiwa kwenye kompyuta ya mlangoni, nayo ilianguka hadi kumi na sita. Ya buluu kwenye kompyuta ya dirishani ilifikia thelathini na moja.

"Mmeona?" alisema Dominika. "Kosa halimo katika programu yangu. Limo katika kompyuta aliyoichezea!"

Mwalimu Magdalena alimgeukia Rishi. "Sina budi kumwandikia baba yako," alisema. "Ikithibitika kwamba ulifanya hila, hutakwenda Arusha, wala hutarudi katika klabu hii. Dominika, andika matokeo katika daftari."

Dominika alilifungua daftari la klabu. Kila aliyerekodi mazoezi alitakiwa kuifuta rekodi yake kabla ya kuondoka, kwa kuwa diski zilikuwa ndogo na rekodi hula nafasi kubwa; kisha alitia saini. Kwenye ukurasa uliotangulia aliuona mwandiko wake mwenyewe, Jumamosi saba mfululizo: *Nimefuta. Dominika. Nimefuta. Dominika.*

Alikuwa hajaifuta hata moja. Alizitupa tu katika pipa la taka la kompyuta, mahali ambapo kitu hukaa mpaka pipa limwagwe, ili kila Jumamosi aziokote, atazame jinsi alivyoshinda, kisha azitupe tena. Alilifungua pipa lile polepole. Rekodi zote saba zilikuwamo. Diski ilikuwa imejaa hadi pomoni. Programu yoyote iliyojaribu kurekodi ilikosa pa kuandika.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angebonyeza mara moja, pipa lingekuwa tupu, na siri ingekuwa imekwisha. Rishi alikuwa amekwisha kuchukua mkoba wake.

"Mbona umeganda?" aliuliza Khamisi.

"Mwalimu," alisema Dominika. "Barua hiyo usiiandike. Ni mimi."

Alieleza yote. Mwalimu alilichukua daftari, akaliweka mbele yake. "Hapa umeandika neno gani?"

"Nimefuta."

"Nawe ulifanya nini?"

"Nilitupa."

"Maneno hayo ni mawili kwa sababu mambo hayo ni mawili. Limwage pipa, turudie kupima."

Pipa lilimwagwa. Kwenye kompyuta ya mlangoni, programu ya kijani ilifikia thelathini na nne, na ya buluu thelathini na moja, kama ilivyokuwa dirishani. Programu ya kijani ilichaguliwa.

Dominika alimwendea Rishi mbele ya wote. "Nisamehe. Nilikutuhumu bila ushahidi."

"Nimekusikia," Rishi alijibu. "Lakini bado nimekasirika."

"Ana haki hiyo," alisema Mwalimu Magdalena. "Msamaha huombwa, haudaiwi. Nami pia, Rishi, nilikaribia kukuhukumu kwa sababu ya kitambaa, naomba radhi. Dominika, Jumamosi tatu hutagusa mchezo. Utapima kasi ya kompyuta hizi na kuziandika namba zote, hata zile usizozipenda. Arusha utakwenda, kwa kuwa ulisema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi."

Kisha aliwageukia watoto wote. "Leo mmeona kompyuta ikipimwa kwa haki: programu zilibadilishwa, mashine hazikubadilishwa, na namba zikasema. Binadamu naye apimwe hivyo hivyo. Ukiona jambo limeharibika, usikimbilie kutazama mikono ya mwenzako. Anza na yako."