Bunduki Iliyogeukia Ukuta wa Nje

Ufito wa kusafishia bunduki ulikuwa sakafuni, umelala juu ya zulia mbele ya kabati la nguo, na Cherotich alikumbuka vizuri kwamba aliuacha ndani ya mfuko wake wa turubai, kwenye rafu ya juu, ambako hata yeye huufikia kwa kupanda kiti. Aliutazama kidogo. Kisha akaurudisha mahali pake na kwenda kumbadilisha mtoto nepi. Mjane mwenye mtoto wa wiki tatu hana nafasi ya kushangaa kila kitu.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2004, Mansfield, Texas, joto limeshika mpaka lami inanata viatuni. Mumewe, Lemayian, alikufa Machi. Alikuwa nesi wa zamu ya usiku. Alitoka kazini alfajiri, usingizi ukamchukua akiwa kwenye usukani, basi. Aliacha mke mjamzito, fulana tatu zenye harufu yake ambazo Cherotich alikataa kuzifua, na bunduki moja.

Hiyo bunduki ina maneno yake. Lemayian alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kimasai wa Kajiado, na alipofika Texas akakuta watu wanaoringia ng'ombe kama kwao, alijiona amefika nyumbani. Wenzake walitafuta magari. Yeye akatafuta bunduki ya wachunga ng'ombe, ile yenye mkono wa chuma chini yake, ambao unausukuma mbele na kuurudisha, chak-chak, risasi ikaingia. Ya asili hakuiweza. Aliyoipata ni nakala iliyotengenezwa Ujerumani, umbo lile lile ila kwa risasi ndogo, nyembamba kama penseli, na kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa zamani. Vipuri havikupatikana popote. Ngugi, rafiki yake wa Carrollton aliyekuwa akienda naye kulenga shabaha, alimtania kwamba ameoa mke wa pili, tena mgonjwa.

Ugonjwa wa huyo mke wa pili ulikuwa kikucha, kile kidude kinachovuta ganda litoke. Kilikuwa kimelika. Lemayian alikuwa akikaa jikoni na tupa ndogo, anakisugua, huku akimweleza Cherotich mambo ambayo hakuyauliza. Kubwa lilikuwa hili: usiifyatue kamwe ikiwa tupu, hata kwa mchezo, maana pini yake hugonga ukingo wa chemba, lile tundu ambamo risasi hukaa, na kuuharibu. Alilisema mara nyingi kiasi kwamba Cherotich alikuwa akilimalizia yeye, na wote wawili wakicheka. Jamani, vitu ambavyo mtu huja kuvililia.

Mambo yalianza siku ya kumpa mtoto jina. Kwa Wakipsigis, watu wa Cherotich, mtoto akizaliwa huitiwa majina ya waliotangulia wa ukoo, moja moja, mpaka apige chafya. Atakayepigiwa chafya ndiye aliyerudi. Kericho wangekuwepo bibi na mashangazi, na ugoro wa kuitekenya pua. Mansfield kulikuwa na simu na kadi ya kukwangua. Mama yake Cherotich aliyataja majina kutoka ng'ambo, sauti ikikatika, na mtoto akiangalia feni ya darini bila habari. Majina kumi na moja. Kisha kadi ikaisha na simu ikakata. Cherotich akabaki sakafuni na mtoto ambaye hakuna mzee aliyemtaka.

"Lemayian," akasema.

Hakulipanga. Alijua kwamba kwa Wamasai jina la marehemu halitajwi. Baba mkwe wake alipofariki, Lemayian mwenyewe alimwomba asilitamke tena jina la mzee ndani ya nyumba. Lakini ndilo jina pekee lililokuwa kifuani mwake. Mtoto akapiga chafya, mara mbili, na Cherotich akalia kwa furaha mpaka akashikwa na kwikwi.

Kesho yake ndipo alipoukuta ufito sakafuni.

Siku ya tatu alinusa mafuta ya bunduki na baruti iliyoungua, harufu mbichi, kana kwamba mtu ametoka kulenga shabaha sasa hivi. Alifungua kabati. Bunduki ilikuwa imelala kwenye rafu yake ya chini, ila imegeuka. Lemayian aliiacha mtutu ukielekea kushoto, kwenye ukuta mwembamba wa jasi uliotenga chumba chao na cha mtoto. Sasa ulielekea kulia, kwenye matofali ya ukuta wa nje. Cherotich akairudisha. Viatu vya mumewe, kitana chake, vyote alivilinda vikae kama mwenyewe alivyoviacha, na hakuwa tayari kuanza kuvunja utaratibu na bunduki. Kesho yake ikawa imegeuka tena. Akairudisha tena.

Kisha ikaja sauti. Saa nane na nusu mchana, saa ambayo Lemayian alikuwa akiamka kujiandaa na zamu, Cherotich alikuwa jikoni akichemsha chupa za mtoto aliposikia kutoka chumbani: chak-chak. Kimya. Chak-chak. Polepole, kwa uvumilivu wa mtu anayejaribu kufungua kifuniko kigumu.

"Ni wewe?" aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini.

Sauti ilinyamaza. Halafu ikaanza tena, haraka zaidi, chak-chak, chak-chak, na wala haikufuatiwa na mlio wa kifyatulio, hata mara moja.

Nisiseme uongo: siku mbili za kwanza alifurahi. Alikaa kitandani saa hiyo ikifika, mtoto kifuani, akausikiliza ule mlio kama mtu anayesikiliza mumewe akioga. Lakini siku ya tatu ya mlio huo, baada ya kumlaza mtoto chumbani mwake, kwenye kitanda chake kidogo kilichobanwa ukutani, alienda kuchukua maji, na alipokuwa bado ameshika bilauri alisikia kitu kizito kikiburutwa juu ya zulia, akakimbia, maji yakimwagika, akafika mlangoni na kukiona kitanda kimesogezwa kutoka ukutani hatua nzima na kinaendelea kusogea kando, taratibu, bila mkono wa mtu, mtoto akiwa ndani yake macho wazi anaiangalia ile hewa tupu kwenye miguu ya kitanda na kuichekea, huku harufu ya baruti ikiwa nzito kiasi cha kukaba koo, na hapo, kwa mara ya kwanza, furaha yote ikamtoka na akajua kwamba chochote alichokiita kwa lile jina hakikumfuata yeye, kimemfuata mtoto.

Alimnyakua na kukimbilia kwa Bernadette.

Bernadette alikuwa Mkongomani wa Uvira, jirani wa mlango wa tatu, mpakiaji wa mizigo kwenye ghala, na mama wa maombi ambaye hata watu wa Fort Worth walimfuata akawaombee. Alisikiliza yote bila kuacha kuchambua mboga.

"Ulimuita jina mbele ya mutoto?"

"Nilimwita."

"Na mutoto akapiga chafya."

"Mara mbili."

Bernadette aliweka kisu chini. "Mama, sikiliza. Bwana yako alikufa. Wafu habasukume kitanda. Ile kitu ni jini, imevaa tu jina ya bwana yako, na ulifungulia yeye mulango wewe mwenyewe. Inatafuta mutoto. Siku ya leo inasukuma kitanda, kesho itabeba."

"Lakini sauti ni yake, Mama Bernadette. Harufu ni yake."

"Itaweza kukosa harufu yake aje? Iko na lala mu bunduki yake!"

Kesho yake, saa nane na robo, waliingia wote watatu chumbani. Bernadette alipaka mafuta ya kuombea kwenye miimo ya mlango na kwenye utosi wa mtoto. Bunduki ilikuwa imegeukia nje tena. Cherotich aliirudisha ilivyokuwa. Saa ikatimia. Chak-chak.

"Jina ulitoa wewe," Bernadette alinong'ona. "Wewe ndiye utarudisha. Sema haumujui."

"Siwezi."

"Angalia mutoto yako, mama. Sema."

Chak-chak, chak-chak, chak-chak, haraka sasa, kana kwamba inasihi, rafu ikitikisika, viango vya nguo vikigongana, zile fulana tatu ambazo hazikufuliwa zikipepea katika chumba kisicho na upepo, na Bernadette akiomba kwa Kifaransa na Kiswahili na lugha nyingine isiyojulikana, na mtoto akilia, na Cherotich akiwa amefumba macho akiona uso wa mumewe jikoni na tupa mkononi, mpaka akafungua kinywa na maneno yakatoka.

"Sikujui. Jina hili si lako. Toka nyumbani kwangu."

Chak.

Mlio mmoja tu. Wa pili haukuja. Fulana zikatulia. Harufu ikaondoka polepole, ya baruti kwanza, kisha ya mafuta, na mwisho, Cherotich angeapa, harufu ya jasho lake pia.

Alisukuma kitanda cha mtoto hadi ukutani, akalala saa kumi mfululizo.

Jumamosi Ngugi alikuja kuichukua bunduki, kama alivyoombwa. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakuitania. Aliinama kwenye rafu, akasita.

"Shemeji, nani aliacha lever wazi hivi?"

Mkono wa chuma ulikuwa umesukumwa mbele wote, ukaachwa hapo.

"Hakuna aliyeigusa," Cherotich alisema.

Ngugi aliichungulia ndani kwa tochi ya funguo zake. Kisha akauomba ufito, akaupitisha taratibu mdomoni mwa mtutu, akasukuma. Kitu kidogo cha shaba kikadondoka juu ya zulia. Kilikuwa na kichwa chake cha risasi, kizima.

"Ilikuwa na moja ndani," Ngugi alisema. "Ile siku ya mwisho tulienda range, alipigiwa simu aende kazi mapema. Ali-check haraka haraka, hakuna kitu ikatoka, akajua iko empty. Kumbe ni ile kikucha. Hii ukivuta lever mara mia, risasi haitoki. Lazima ni ufito." Aliutazama mtutu, kisha ukuta wa jasi uliokuwa mbele yake. "Huko nyuma kuna nini?"

Ngugi alizunguka akaenda kujionea kitanda cha mtoto, akarudi ameshika kichwa.

"God. Afadhali huyo mtu aliiacha wazi. Ikiwa wazi hivi haiwezi kulia."

Cherotich akakaa pale pale kwenye zulia kando ya risasi. Ufito sakafuni. Mtutu uliogeukia matofali, na yeye kila siku akiurudisha kwa mwanawe. Kitanda kilichosogezwa. Na mlio wa siku zote hizo, usiofuatiwa na kifyatulio hata mara moja. Nani mwingine duniani angejali ukingo wa chemba? Lemayian alikosea mara moja kwa haraka, akarudi kurekebisha, na mkewe alimwambia hamjui. Na hata alipokuwa anaambiwa, alitumia nguvu zake za mwisho kuiacha wazi.

Ngugi aliondoka na bunduki. Saa nane na nusu Cherotich aliketi mbele ya kabati, mtoto mapajani.

"Lemayian," akaita. "Ninakujua. Lemayian, ninakujua."

Mtoto alimtazama tu, hakupiga chafya. Aliita mpaka saa kumi, kisha akainuka kumchemshia chupa.