Gololi za Lorna

Mlango uliobishwa ulikuwa wa jikoni. Marlys alishangaa, maana watoto wa Halowini, wanaojipamba kama mizimu na kuomba pipi nyumba kwa nyumba, hawazunguki nyuma; hupanda ngazi za mbele, penye boga lililochongwa na kuwashwa taa.

Kutwa nzima alikuwa amejivuna. Mwaka huu kwangu hakuna pipi, aliwatangazia majirani, meno ya watoto yanaoza. Bakuli alilijaza gololi za kioo alizozikuta kwenye kopo chini ya kitanda cha mama mkwe wake, Verna, aliyeishi nao chumba cha juu. Hakumuuliza. Bibi kizee ana kazi gani na gololi? Tangu jua lizame alikuwa amezigawa zote.

Alifungua. Msichana mdogo alikuwa amesimama pale na gauni la kulalia, nywele zimemganda usoni, maji yakimchuruzika.

"Umejipamba kweli," Marlys alisema. "Leo wewe ni nani, mzimu?"

Mtoto akanyoosha mkono. "Zangu."

Marlys akageuka kumtafutia japo tunda. Aliporudi, kizingitini palikuwa na dimbwi la maji tu, likinuka tope la bwawani. Akafunga. Hodi ikapigwa tena, taratibu, safari hii kwenye mlango wa kushukia chumba cha chini ya nyumba, ambacho hakina njia ya kutokea nje.

Akakimbilia juu. Verna alikuwa amepiga magoti, mkono wake ukipapasa chini ya kitanda.

"Marlys, kopo liko wapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Niliwapa watoto, mama."

"Zile ni za Lorna."

Marlys alilijua jina hilo, ingawa humo ndani halikutajwa. Ni dada yake mumewe, Duane; alizama bwawani kabla Duane hajazaliwa.

"Usiku huu huja kucheza," Verna alisema. "Akishacheza huenda zake. Asipozikuta, sijui."

Duane alikuwa bado shambani akivuna mahindi. Marlys akachukua bakuli akatoka, akaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine, mwanamke mzima akiomba kwa watoto.

"Lakini umenipa mwenyewe," alisema binti aliyevaa mabawa ya nyuki.

"Mrudishie, mpenzi," mama yake alimnong'oneza. "Labda hayuko sawa."

Uso ulimwaka Marlys kwa aibu, lakini hakuthubutu kusimama, kwa kuwa nyuma yake, juu ya majani makavu, kulikuwa na nyayo ndogo zilizolowa zilizotembea akitembea na kutulia akitulia, na kila alipopokea gololi alisikia pumzi baridi karibu na kiwiko chake, kama ya mtoto anayechungulia bakulini, na ile harufu ya tope ikamfuata kutoka baraza hadi baraza mpaka nyumba ya mwisho, ambako mvulana mmoja alimtazama bila haya.

"Yangu niliitupa kwenye mahindi. Nani anataka gololi?"

Alirudi na pengo hilo. Verna alikuwa ameshuka jikoni, mlango ameuacha wazi. Akalipokea bakuli, akazimwaga gololi sakafuni. Zikaanza kubingirika zenyewe, moja ikiigonga nyingine, halafu zote zikasimama kwa pamoja.

"Hazijatimia," ilisema sauti ndogo chini ya meza.

"Ni kosa langu," Marlys alinong'ona. "Mama, nisamehe."

Verna hakumgombeza. Alimtazama kidogo tu, na Marlys angependa mara mia atukanwe.

"Basi kaa, mwanangu," Verna aliiambia meza. "Kaa mpaka ile moja ipatikane."

Asubuhi Duane alikaa kula, macho mekundu kwa vumbi la mavuno. Alimwona mkewe akiweka sahani ya nne.

"Tuna mgeni?" aliuliza.

Marlys hakuweza kuinua uso. Aliimimina shira juu ya chapati za maji, akazikata vipande vidogo vidogo, saizi ya mdomo wa mtoto, na kiti kilichokuwa kitupu kikajivuta polepole kuelekea mezani.