Mistari Inayozama Mashariki

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha mbele. Ya pili ikaingia kwenye paja la Papa Rigobert. Bénédicte hakukumbuka baadaye jinsi alivyofungua mlango. Alijikuta amelala kifudifudi kwenye majani marefu, begi mgongoni, akimvuta mwalimu wake kwa ukosi wa shati. Dereva wao, Désiré, alibaki ameinamia usukani kama mtu anayepumzika kidogo.

Siku tisa kabla walitoka Lubumbashi kwenda kupima miamba iliyopikwa na kukunjwa chini ya ardhi, kwenye vilima vya magharibi mwa Kilwa, mji wa kando ya ziwa. Rigobert, mjukuu wa mchimba shaba, alipima kwa dira na daftari. Bénédicte, mwanafunzi wake kutoka mtaa wa Kampemba, alipiga mamia ya picha kwa tableti, kisha akaziunganisha ziwe mwamba mzima unaoweza kuzungushwa kwa kidole. Walikuwa wameambiwa vita viko mbali.

Sasa barabara ilikuwa ya wenye bunduki. Palibaki ziwa tu, upande wa mashariki, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Simu zilikuwa garini. Tableti ilikuwa imezimika tangu asubuhi, chaji yake yote imeishia kwenye picha.

"Mayi inabakia ngapi?" Rigobert aliuliza.

"Chupa moja, Papa. Kunywa."

"Kunywa weye. Ya kwangu itatokea tu mu hii tundu ya risasi."

Bénédicte alimfunga paja kwa kitenge, wakaondoka. Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Kila baada ya hatua mia Bénédicte alipiga goti, akalaza tableti juu ya paja lake, akaweka dira ya mwalimu juu ya jalada la ngozi la tableti, maana mikono ilimtetemeka mno hata asiweze kuishika hewani. Sindano ilitulia. Mashariki ni kule. Wakaenda kule.

Walilala chini ya jiwe bila moto, wakaendelea kulipopambazuka, mawingu yakiwa bado yamefunga. Mchana walinusa mpira ulioungua. Bénédicte alitenganisha majani, akaona gari jeusi, matairi yameyeyuka. Alilitazama kwa huruma, akiwaza ni wasafiri gani wengine waliopatwa. Kisha akasoma namba.

Lilikuwa gari lao. Désiré alikuwa bado ndani.

Rigobert alivua kofia, akageukia kando. "Ni ile chuma ya mu majiwe," alisema polepole. "Ilidanganya dira."

Bénédicte alilaza tena dira juu ya jalada la tableti. Akaiinua, sindano ikazunguka. Akairudisha, sindano ikakimbilia palepale, kwenye kifungo cha sumaku kilichofunga jalada. Alitazama tena, maana akili ilikataa. Popote alipogeuka, sindano iligeuka naye. Siku nzima alikuwa amemzungusha mtu anayevuja damu, na kila upande ukawa mashariki. Dira ikamponyoka, ikaanguka juu ya mwamba. Kioo kikapasuka, sindano ikaruka na kupotelea majanini.

Sauti za wanaume zilisikika barabarani. Wakarudi porini wakitambaa.

"Papa, tufuate karatasi za jiwe," alinong'ona walipofika mbali. Ndivyo walivyoita matabaka membamba ya ule mwamba. "Ulizipima zote."

"Karatasi zinajikunja, Béné. Ukizifuata, utazunguka tena."

Neno hilo lilimchoma. Alifumba macho, akauona mwamba wake ukizunguka kwenye kioo cha tableti. Juu ya karatasi kulikuwa na mistari myembamba, kama nywele zilizochanwa. Karatasi zilipinda huku na huku, lakini mistari yote ilizama upande mmoja.

"Mistari inashuka wapi?"

Rigobert alifungua daftari lenye damu, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa. "Mashariki," alisema. "Mashariki. Mashariki." Akainua macho. "Yote."

Wakaenda kutoka mwamba hadi mwamba. Bénédicte alikwangua kuvu kwa kisu, akatafuta mistari kwa ukucha, akageukia inakoshukia. Mvua ilinyesha, wakanywa maji kwenye mashimo ya mawe. Siku ya tatu mguu ulivimba na kunuka, Rigobert akaanza kuongea na marehemu mama yake. Bénédicte alimbeba mgongoni. Miamba ilipokwisha akaingia matope ya ukingo wa ziwa, na katika matope akanusa samaki wanaokaushwa kwa moshi.

Mwanamke mmoja, Mama Chileshe, aliruka kutoka kando ya tanuri lake la samaki na panga mkononi.

"Muko ba nani?"

"Tunapima majiwe, mama."

"Majiwe!" Alilishusha panga. "Bantu banakufa, benyewe banapima majiwe! Lete huyo mugonjwa hapa."

Mtumbwi wa injini uliwachukua kuelekea Kilwa. Rigobert alilala juu ya nyavu, macho wazi, homa ikimchoma. Bénédicte alishika mkono wake.

"Papa, haikuwa chuma ya majiwe. Niliweka dira juu ya sumaku ya tableti. Ni miye nilituzungusha. Niliona kule ku gari, nikanyamaza."

Rigobert alitazama mbingu, kisha daftari lililokuwa kifuani mwake. Alilisukuma kwake kwa vidole viwili.

"Andika hii kosa," alisema. "Na tarehe. Wengine banafanya vile bila kujua."

Bénédicte akachukua kalamu. Akaanza na tarehe.